Si Njia ya Dripu

Mimi sijui kunyamaza, na siku ile nilimshukuru Mungu kwa hilo. Nilitoka wodini dakika tano tu, kwenda kumfulia binti yangu taulo. Narudi, namkuta muuguzi amemfunua ubavu, anapangusa kwa spiriti kile kivimbe kilicho chini ya ngozi, bomba la antibiotiki ya kifua liko tayari kwenye trei.

Nikamdaka mkono. Akaniangalia kama nimemtukana. Akanieleza, kwa sauti ile ya kubembelezea watoto, kwamba mishipa ya mikono imegoma, wameshachoma mara sita, ila bahati nzuri mgonjwa ana kidude cha kupitishia dawa, kama wale wa saratani.

Bahati nzuri! Kidude hicho hakiendi kwenye damu. Binti yangu ana ugonjwa wa misuli. Mgongo ulipinda, wakaunyoosha kwa vyuma, na tangu hapo sindano ya dawa yake haipiti tena kati ya pingili. Ndiyo maana alipasuliwa, akawekewa kifaa chenye mpira mwembamba unaokwenda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Kila miezi minne hutiwa humo dawa yake, hiyo peke yake. Ukitia ile ya kifua unaweza kumuua.

Nikamwambia yote hayo. Akasema, "Mama, tuachie kazi yetu."

"Kazi yenu ni kusoma faili."

Faili lilikuwa miguuni pa kitanda, halijafunguliwa. Nikapaza sauti mpaka wodi nzima ikageuka. Wakaniita mkorofi, haya, mkorofi ndiye mimi. Daktari akaja, akasoma ukurasa wa kwanza, akaiondoa ile trei kwa mkono wake. Pole sikuipata. Nilipewa kalamu ya wino mzito na kipande cha plasta, eti niandike mwenyewe nimbandike ubavuni, kosa lisirudiwe. Watu wazima hovyo!

Nikaandika: "Si njia ya dripu." Binti yangu ana miaka kumi na minne, na hana nguvu ya kuusukuma mkono wa mtu. Alikuwa amemwambia muuguzi hapana mara tatu, sauti ikaishia ndani ya barakoa ya oksijeni. Sasa akanitazama, nikainama kumsikiliza.

"Andika kubwa, mama. Hutakuwepo siku zote."