Donge Lililokawia

Mwoka mikate aliinama juu ya beseni, akabonyeza donge kwa kidole. Alama ya kidole ilibaki pale pale. Unga ule, mabeseni mawili, ulikuwa umelala tangu alfajiri, na sasa jua lilishaingia hadi miguuni mwa meza.

"Haya basi," alisema, ingawa hakukuwa na wa kumjibu.

Alikuwa amechoka ule uchovu ambao mtu analala nao na kuamka nao. Tangu mumewe afariki alikuwa akikanda peke yake, akiwasha tanuri peke yake. Oda iliyobaki ilikuwa moja tu, mikate isiyotiwa sukari kwa wagonjwa wa kisukari wa zahanati, na mzigo wa kwanza ulitakiwa jioni hiyo. Moyoni alishakata shauri: chachu ya marehemu ikiumua unga huu, atabaki, ikishindwa, tanuri liende.

Chachu yenyewe ilikuwa kwenye ndoo ndogo kando ya dirisha. Mumewe aliianzisha walipofungua duka, akawa kila siku anachota ya kukandia na kurudishia unga na maji. Baada ya msiba ndoo ilisahaulika, chachu ikafifia. Ndipo wifi yake, dada wa marehemu na mwalimu wa biolojia, alipoleta kopo la glukosi. "Ilambishe hii, wifi. Mgonjwa hatafunishwi vigumu." Akawa anailambisha kila siku, na kweli chachu ikachangamka, ikatoa povu kama sabuni. Ila donge la leo, lililokandwa kwa unga, maji na chumvi tu, halikusogea.

"Hodi!" Alikuwa mnunuzi wa mashine kuukuu aliyeagizwa aje kupima tanuri, ambaye kila mtu alimwita Futi kwa sababu utepe wa kupimia haukumtoka mkononi. Alipima tanuri, akapima mlango, akajikuna kisogo.

"Dada, halipiti. Itabidi tuvunje mlango."

"Vunja."

"Na ukuta kidogo."

"Vunja na ukuta. Ukimaliza nivunje na mimi, hutapata shida, nusu ya kazi imeshafanyika."

Futi hakujua kama acheke. Alisema vijana wake wanakuja na gari, atasubiri.

Mwoka mikate alibeba beseni la kwanza, akalimwaga lote kwenye ndoo ya makombo ya jirani mfuga kuku, akabana kifuniko. Alirudi kuchukua la pili. Akalishika masikio, mikono ikagoma. Akaliacha na kitambaa chake, akakaa juu ya gunia la unga, akaegemea ukuta. Futi, kwa kukosa kiti, alikalia ile ndoo ya kuku.

Mwoka mikate aliposhtuka usingizini, jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili, na wifi yake amesimama mlangoni na vumbi la chaki kwenye mikono ya gauni.

"Wifi, huyu anapima nini humu?"

"Tanuri. Chachu ya kaka yako imekufa. Nisamehe."

Wifi alikwenda dirishani, akainusa ndoo, akarudi. Alifungua mdomo aseme neno, Futi akamwahi.

"Samahani, kina mama. Kuna kitu kinanishika huku nyuma."

Alisimama, na ndoo ikainuka naye kidogo kabla ya kumwachia. Kifuniko kilikuwa kimebenuka upande, na donge limetambaa nje, limemganda suruali.

Wifi alicheka hadi akashika meza. Kisha kicheko kikamkatika.

"Mimi ndiye niliyewanyamazisha," alisema.

"Nani?"

"Hawa wadudu wa chachu. Futi, hebu kaa tena."

"Nikae tena?"

"Suruali imeshaharibika, unaogopa nini? Tazama, wifi. Ndani ya kila kidudu cha chachu kuna jeni, maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya cha kula maltosi, ile sukari inayotoka kwenye unga wenyewe. Lakini kuna protini nyingine, kizuizi. Glukosi ikiwepo, kizuizi kinakwenda kukaa juu ya maelekezo yale, kama Futi hapo. Hayasomeki. Ya nini kuhangaika na unga wakati asali iko mezani?"

"Na glukosi ikiisha?"

"Futi anainuka. Maelekezo yanasomwa, kimeng'enya kinaanza kutengenezwa. Inachukua muda, na muda huo donge limelala tu. Miye nimewalisha glukosi kila siku, halafu tumewatupa kwenye unga mtupu, tukawashangaa. Hawakufa. Na haya nawafundisha watoto kila mwaka, wifi!"

"Kwa hiyo mimi ndiye kizuizi?" aliuliza Futi.

"Wewe ni kizuizi kizito."

Mwoka mikate hakucheka. Alikuwa akitazama meza. Kitambaa cha beseni la pili kilikuwa kimeinuka katikati, kama shuka juu ya mtu aliyekunja magoti. Alikifunua, akabonyeza kwa kidole. Alama ilijaa taratibu, ikapotea.

"Sikulimwaga," alisema. "Nilichoka tu."

"Basi uchovu wako umetuzidi akili wote."

Nje gari lilipiga honi. Futi alimtazama mwoka mikate, naye akavuta pumzi ndefu.

"Waambie vijana wako waniingizie kuni. Leo tanuri lina kazi. Hili ni nusu ya oda, nitalipeleka zahanati, nusu nyingine nitawaomba wanivumilie."

"Na kesho, dada?"

"Kesho usiniulize, kaka. Hata ya leo siyajui vizuri."

Alikata donge, akalifinyanga mikate, akaipanga kwenye trei. Kisha alikwenda dirishani, akachota chachu, akarudishia unga na maji, basi. Kopo la glukosi alimkabidhi wifi yake. Moto ulipokolea na mikate kuingia, alirudi kwenye gunia lake.

"Wifi," alisema, macho ameshayafumba. "Ikianza kunukia, niamshe."