Kisu Kwenye Kitambaa cha Maua

Kaka yangu aliniita nikaitazame picha anayoichora mkewe kabla haijamuua.

Rangi ilikuwa bado mbichi, picha imeegemezwa ukutani jikoni: birika la buluu, vikombe viwili, bakuli la malimau, kitambaa cha maua. Utulivu mtupu; ungedhani hata mvuke wa chai umeambiwa unyamaze. Ila kisu cha mkate kilielekeza ncha kwenye kikombe chenye ufa, ambacho ni cha kaka. Na chini ya bakuli ilichungulia pembe ya karatasi nyeupe.

"Wiki ya kwanza kisu kilikuwa kule kando," alininong'oneza. "Kila siku kinasogea. Dada, huyu mtu anajua."

"Anajua nini?"

Akanieleza. Mwezi uliopita chuo cha sanaa kilimwandikia wifi barua ya kumwita akafundishe. Kaka aliipokea, akaisoma, akaificha ndani ya kiatu chake cha harusi. Eti akienda, nani atampikia?

"Basi ungama mapema, upunguziwe adhabu," nikamwambia, nikicheka.

Kaka hana sikio la mzaha. Wifi alipoingia na brashi zake, mume mzima, fundi wa mageti ya chuma, alikwishapiga magoti, kiatu mkononi.

"Nisamehe, mke wangu. Picha nimeiona. Nimeelewa."

Wifi akaichomoa barua, akaisoma mara mbili, amesimama.

"Umeelewa nini?"

"Kisu. Na hiyo barua chini ya bakuli."

"Hicho ni kipande cha gazeti, nimekikunja bakuli lisiyumbe. Na kisu unakisogeza wewe! Kila asubuhi unakata mkate kwenye meza niliyokuomba usiiguse, halafu unakibwaga popote. Mimi nachora ninachokiona."

Kaka akanigeukia, kana kwamba mimi ndiye niliyemshikisha kile kiatu.

"Mwisho wa kujibu ni leo, saa kumi," wifi alisema. Akafuta vidole, akachukua mkoba. "Wifi yangu, nisindikize chuoni. Na wewe, usiguse kitu hapo mezani. Nikirudi nakimalizia kikombe chako."

Tulimwacha katikati ya jikoni, kiatu kimoja mkononi. Njaa inamuuma, mkate uko mbele yake, na kisu hathubutu kukigusa.