Sauti ya Kipimo cha Karafuu

Wivu wa Mwanamize haukuanza kwa manukato ya kigeni shatini mwa mumewe, wala kwa simu inayolazwa kifudifudi kila akiingia chumbani. Wanawake wengine wana bahati, wanaonea wivu watu. Yeye alianza kuonea wivu kipimo cha karafuu.

Mumewe Bakar, fundi wa mitambo pale Ole, alikuwa akitengeneza programu ya kupimia unyevu. Unatia karafuu kwenye kikombe chenye vijiti vya chuma, kompyuta inasoma, kisha inatamka kwa sauti, ghala zima lisikie kama zimekauka au bado. Sauti ndiyo iliyokuwa roho ya kazi, maana wakulima walikwishachoka na wapimaji wa kunong'ona, ambao karafuu za shemeji zao hazikuwa mbichi hata zikitona maji. Na programu yenyewe Bakar hakuiandika, aliichora. Visanduku vimepangwa kwenye kioo cha kompyuta, nyaya za rangi zinatoka kimoja kwenda kingine, wa kijani kwa karafuu kavu, mwekundu kwa mbichi. Mwanamize alikaa naye jamvini akimtilia karafuu kikombeni, mpaka nyaya zile akazijua zote.

Tena sauti ya kwanza ilikuwa yake. Bakar anabonyeza kurekodi, yeye anasema, na neno la mwisho likimtoka tu mdomoni, Bakar anainua mkono, maana yake basi, nyamaza. Mwanamize ananyamaza.

Siku moja anatoka jikoni na chai, akaisikia kompyuta inasema kwa sauti laini ya mwanamke, "Karafuu zako zimekauka vizuri. Ahsante, karibu tena."

"Nani huyo?"

"Shamima, yule wa ofisini Wete," Bakar akajibu bila kugeuka. "Wanunuzi watataka Kiswahili cha ofisini. Yako ilikuwa ya kujaribia tu."

Ya kujaribia tu. Mwanamize akaweka chai chini, nusu ikamwagika, na Bakar hakuona. Alikuwa akiirudia ile sauti, kichwa kakiinamisha, macho kayafumba, ati asikie kama kila neno linatoka sawasawa. Bakar huyuhuyu, ukimwambia paa linavuja, jibu lake ni "mm". Tangu hapo nyumba ikawa na mke mwenza. Mwanamize anakuna nazi, anaambiwa karibu tena. Anaanua karafuu, karibu tena. Karibu wapi? Kwani hapa ni kwao?

Ijumaa, Bakar alipokwenda msikitini, Mwanamize alijifuta mikono kwa kanga, akaifungua kompyuta. Kesho yake wanunuzi walikuwa wanakuja ghalani kukitazama kipimo. Wakikikubali, kingewekwa kwenye maghala. Wakikikataa, Bakar angerudi kutengeneza feni za watu. Hayo Mwanamize aliyajua vizuri. Hakutaka kumharibia mumewe, alitaka kumtoa mwanamke yule nyumbani mwake.

Akabonyeza, akasogeza mdomo. "Karafuu hizi kavu. Pita nazo."

Akakaa. Hapakuwa na mkono wa kuinuliwa, naye akadhani kurekodi kumekwisha kwenyewe, kwa sababu siku zote kusimamisha ilikuwa kazi ya Bakar. Akabaki pale akisema peke yake yaliyokuwa yamemjaa kifuani. Kisha akahifadhi, akakiunganisha kisanduku cha sauti yake na waya wa kijani. Mwekundu akamwachia Shamima, awe yeye wa kuwaambia watu habari mbaya.

Asubuhi ghala lilijaa. Mzee Fakhruddin, mkubwa wa wanunuzi, alikalia kiti cha mbele. Shamima alisimama karibu na meza, buibui limenyooka, na Mwanamize akakaa kwa wanawake nyuma. Bakar akatia karafuu za mkulima mmoja. "Samahani, karafuu zako bado ni mbichi," ikasema sauti ya Shamima, na mkulima akanuna. Mwanamize alifurahi, tusimfichie.

Akatia nyingine. "Karafuu hizi kavu. Pita nazo."

Bakar akashtuka. Wanawake wakachekeana, wameitambua sauti. Halafu kompyuta ikaendelea.

"Na weye Shamima, hiyo karibu tena yako kamkaribishe wako. Bakar hukusikiliza kafumba macho. Miye nikisema, huniinulia mkono. Angenisikiliza vile siku moja tu, wala nisingekuwa na ugomvi nawe."

Mkono wa Bakar uliinuka wenyewe kwa mazoea, na mashine haikunyamaza. Shamima aliinamia viatu vyake. Mwanamize alijifunika uso, akatamani sakafu ipasuke aingie. Alijua kazi ya mumewe amekwisha kuizika kwa mdomo wake.

Mzee Fakhruddin akachukua karafuu moja kikombeni, akaivunja kwa vidole. Ikalia kwa ukavu.

"Bakar, kipimo kimesema kavu?"

"Kimesema kavu, Mzee."

"Basi kimesema kweli, tunakichukua. Na sauti hii iwekeni, hawa wameielewa. Ya nyumbani kayamalizeni nyumbani."

Walipofika nyumbani, Bakar akatandika jamvi, akafungua kompyuta, akamwonyesha mkewe mahali pa kukaa.

"Sema tena."

Mwanamize hakumtazama. "Karafuu hizi kavu. Pita nazo."

Akangoja mkono, nao haukuja. Ulikuwa umelala pajani mwa Bakar, na kompyuta ilikuwa bado inarekodi. Akageuka. Mumewe alikuwa kakiinamisha kichwa, macho kayafumba.

"Na mengine," Bakar akasema.

Kwa muda wote ule Mwanamize alidhani akipewa nafasi hatakosa la kusema, na sasa yote yakawa yanagombania mlango. Akaanza na Shamima.