Mipira Kumi na Miwili

Toleka, baiskeli ya kubeba abiria, ilikuwa imekwisha kuacha vumbi la Mangobo, na Faustin alikaa nyuma kwenye kiti cha sponji, mfuko wake magotini, hajageuka hata mara moja. Kugeuka ni tabia ya watu wanaotaka kuitwa. Yeye alikuwa ameondoka katika nyumba nyingi maishani, Basoko, Bunia, Kindu, kwa mke wa kwanza na kwa mke wa pili, na kila mara aliondoka kabla hajaambiwa aondoke. Alijivunia jambo hilo kuliko yote aliyojifunza shuleni, na shuleni alijifunza machache, hapa mwaka mmoja, pale miezi mitatu.

"Tonton," aliuliza Landry, mwenye toleka, huku akikanyaga, "Chimène anajua kama uko unaenda?"

"Atajua wakati ataona mukeka imekunjwa."

"Ah! Vile njo kuaga?"

"Weye kanyaga tu."

Chimène alikuwa mtoto wa dada yake, fundi wa kushona. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili: kile kidogo alilala na watoto wake wawili, kile cha mbele ndicho kiwanda chake. Usiku Faustin alitandika mkeka kati ya mashini na meza ya kukatia. Shida ilikuwa asubuhi, maana wateja waliingia kabla yeye hajaamka vizuri. Juzi Mama Rosine, mkubwa wa kwaya, aliingia haraka haraka kuulizia sare, akamkanyaga mkono. Faustin akaruka, akapiga teke kopo la chai, na chai yote ikaenda kwenye vitambaa vyeupe vya kwaya.

Chimène alivifua kwa maji matatu. Hakusema neno. Maneno Faustin angeyavumilia, alishayasikia ya kila namna. Ni ule ukimya uliomfungisha mfuko.

Kule Makiso, bandarini, Hugues alimpokea kwa mikono miwili. Hugues alikuwa kapiteni wa baleinière, mashua kubwa ya mbao yenye mota, iendayo Barumbu.

"Karibu, muzee! Lakini hatutoki leo. Mizigo haijajaa. Tutatoka jeudi."

"Leo iko lundi!" Faustin akahesabu kwa vidole, Jumatatu mpaka Alhamisi.

"Donc utapumuzika."

Faustin akapanda kuangalia pa kulala. Huko nyuma, karibu na mota, kitanda cha kapiteni kilikuwa kimeinuliwa na kufungwa kwa kamba ubavuni mwa mashua, na pale chini wapagazi walikuwa wakipanga magunia ya mchele. Faustin akasimama, mfuko begani. Vitanda vya namna hiyo alikuwa amevilalia nusu ya maisha yake, safarini mtoni. Haikuwahi kumjia akilini kwamba vinaweza kupanda nchi kavu.

Landry alikuwa bado chini, anarudisha mnyororo wa baiskeli.

"Landry! Turudi."

"Umesahau nini?"

"Kupima ukuta."

Chimène alikuwa kwenye mashini walipofika. Aliuangalia mfuko, akaangalia tena sindano yake.

"Lituma iko kwa sufuria, tonton."

"Sikia. Niko na siku tatu, jeudi naenda. Mbele ya kuenda nitakutengenezea kitanda ya kupanda ukuta. Ya wageni."

"Wageni gani?"

"Watakuja."

Jioni hiyo hiyo Mama Rosine akapata habari, akatuma mbao za kibanda chake cha zamani cha sokoni. Alituma na neno: hizi ni za ule mkono. Zilikuwa mbao ngumu, nzuri, ila miaka kumi zilikaa chini ya samaki wa moshi. Siku mbili wateja waliingia wakinusa, wakiuliza kama Chimène sasa anauza samaki.

Ukuta ndio ulioleta ubishi. Ulikuwa wa matofali mabichi, na msumari wa kwanza ulitoka na bonge la udongo kubwa kama mkate. Ukuta ule ulikuwa na nguvu za kujishika wenyewe tu, basi. Faustin akauacha. Akachimba mashimo mawili sakafuni, akasimamisha nguzo mbili kando ya ukuta, akazifunga juu kwenye boriti ya paa, na kitanda akakitundika kwenye nguzo hizo kwa bawaba za milango ya zamani, upande wake mrefu ukigusa ukuta. Upande wa nje akauwekea miguu miwili ya kukunjika.

Kikapendeza. Kumbe hakuweza kukiinua! Bega lake la kulia lilivunjwa na gogo zamani, na mbao za Mama Rosine zilikuwa nzito kama dhambi. Landry akacheka, akaenda, akarudi na mipira chakavu ya ndani ya magurudumu. Watu wa toleka hukata mipira hiyo vipande virefu, na kwavyo hufunga lolote, kuanzia godoro hadi mbuzi. Faustin akaifunga kutoka ukingo wa kitanda hadi kwenye boriti. Mipira minne, kitanda kikatikisika tu. Minane, kikafika nusu. Kumi na miwili, akakigusa kwa kidole kimoja na kikapanda chenyewe, kikajibandika ukutani pu! Akakishusha, akalala juu yake kujaribu. Kikatulia kama sakafu. Akajisikia mhandisi.

Jumatano mchana akamwita Chimène. Mama Rosine alikuwepo, amekuja kujaribu sare, na Landry alikuwepo kwa sababu hakutaka kukosa.

Chimène akavua sapatu, akashusha kitanda, akajilaza upande wa ukutani, mikono kifuani.

"Iko muzuri, tonton. Iko muzuri sa—"

Kitanda kikaanza kuwaza. Miguu yake ikaachana na sakafu, polepole, bila haraka yoyote, na ukingo wa nje ukaendelea kupanda.

"Tonton! Tonton, inanibeba!"

Kikafunga. Nje vilibaki vidole vya mguu mmoja, na sauti.

"Eh, Nzambe!" Mama Rosine akapiga kelele. "Ukuta inakula mutu!"

Landry alicheka mpaka akakaa chini. Faustin akauvuta ukingo kwa mkono wa kushoto, na Chimène akatoka na vumbi la udongo kichwani, machozi yakimtoka, hawezi kusema kwa kicheko.

Faustin hakucheka. Akatoa kisu mfukoni.

"Nilipima na mwili yangu, njo kosa. Nitakata tano. Mutu yote ataweza kulala."

Chimène akamshika kifundo cha mkono. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Hapana kata."

"Itakufunga kila siku!"

"Haiko yangu."

"Na wageni?"

"Wageni batalala na mukeka. Hii iko ya mutu ya uzito yako. Uache vile iko."

Faustin alikiangalia kisu. Hakuna nyumba iliyowahi kumwambia abaki. Kweli pia ni kwamba hakuna nyumba aliyoipa muda wa kusema.

"Na ile chai?" akauliza.

"Chai utakunywa inje."

"Na jeudi?"

"Jeudi iko jeudi," Chimène akasema, akarudi kwenye mashini.

Faustin akakunja kisu, akakirudisha mfukoni. Alhamisi asubuhi aliposhuka, kitanda kilipanda chenyewe nyuma yake, na mteja wa kwanza alipoingia, sakafu ilikuwa tupu, imefagiwa.

Baleinière ya Hugues haikuondoka Alhamisi, iliondoka Ijumaa, ikafika Barumbu salama. Kwaya iliimba Jumapili na sare zake, na doa la chai liliangukia kwapani mwa Mama Rosine mwenyewe. Landry aliuza toleka, sasa anaendesha pikipiki. Watoto wa Chimène walikijaribu kitanda mara moja, kikawafunga wote wawili, hawakurudia. Chimène alinunua mashini ya pili, akaiweka pale palipokuwa na mkeka. Faustin alikwenda Barumbu mara moja, majuma mawili, akarudi. Harufu ya samaki iliisha mwaka uliofuata. Mipira imebadilishwa mara mbili, na bado ni kumi na miwili.