Mhuri wa Kwetu

Jumatatu saa tatu asubuhi mchonga mihuri alifunga kibanda chake kwa kamba, akavuka barabara, akapanga foleni kwenye dirisha la tatu la ofisi ya kumbukumbu. Mkononi alikuwa na vyeti vitatu na fomu moja ndani ya bahasha ya kaki. Mtaani walimwita Geuza, maana kazi yake ni kukata herufi kinyumenyume kwenye mpira ili wengine wazisome sawasawa. Miaka ishirini na sita alikuwa amekaa mkabala na ofisi hiyo na wembe wake, na hakuna herufi iliyowahi kumponyoka ila moja, nayo tutaifikia.

Fomu ilikuwa ya kibali cha maziko. Mama yake Geuza alikuwa na miaka sabini na minne, mapafu yamechoka, na daktari alikwisha kusema lile neno la madaktari, kwamba apewe anachokitaka. Alichokitaka kilikuwa kimoja: akifa alazwe ubavuni kwa mumewe, kwenye kilima walikokuwa wakiishi kabla ya kuhamishwa. Miaka arobaini na minne amelala peke yake, alisema, na sasa imetosha.

Karani wa dirisha la tatu alikuwa mama wa makamo, sweta begani na huruma usoni, jambo ambalo si la kawaida kwenye dirisha lolote. Alivipanga vyeti mezani, akavisoma kimoja kimoja, akavua miwani. Cheti cha mama kilisema amezaliwa Kwetu. Cha baba kilisema Kwenu. Cha bibi mzaa baba kilisema Kwao.

Haikuwa siri ilivyotokea. Zamani hizo mwandikishaji aliuliza kila aliyeleta habari ya mtoto: amezaliwa wapi? Babu mzaa mama alikwenda mwenyewe, akajibu kwetu. Habari za kuzaliwa kwa bibi zilifikishwa na mchuuzi mpita njia, naye akasema kwao. Baba alipozaliwa, mwandikishaji mpya alikuwa ameoa hapo hapo kilimani, na jirani aliyetumwa akamwambia kwa heshima, kwenu, shemeji. Kila mmoja alisema kweli, na kila kweli iliandikwa kwa herufi kubwa.

"Sasa kaka yangu," karani akasema, "huku Kwetu ni kwetu sisi au kwenu nyinyi?"

"Kwetu sisi."

"Haya, kwenu."

"Hapana, dada. Kwenu ndiko alikozaliwa baba."

Foleni ikakohoa. Karani akamwonyesha tangazo lililobandikwa ukutani: mahali paandikwe kwa jina moja katika karatasi zote za ukoo. Akampa fomu ndefu zaidi, yenye nafasi ya vizazi vitatu, akamwambia akaanze upya bila haraka.

Jioni ile Geuza alinunua daftari la kurasa mia, akaanza kuandika watu wa kwao kama vyeti vilivyosema. Kwenye mstari wa baba aliandika Kwenu.

Siku ya pili, saa kumi alasiri, baba yake alifika kibandani.

Alikuwa amefariki akiwa na miaka thelathini na mitatu, na hakuwa ameongeza hata siku moja. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la mawe. Geuza, mwenye miaka arobaini na minane na mvi za kutosha, alimpisha kigoda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umezeeka."

Geuza alisema ni kazi. Fundi viatu wa kibanda cha pili alichungulia, akasifu jinsi kijana alivyofanana na mzee wake. Geuza akamwambia kijana ndiye baba. Fundi viatu akasema ndiyo maana, pua ni ile ile, kisha akaazima wembe.

Baba alieleza kilichomleta. Alisikia jina lake likiandikwa. Huko, alisema, mtu hupelekwa mahali palipoandikwa, na maandishi yanayofuatwa ni yale ya mwisho. Yeye miaka yote hii amekaa Kwenu. Ni pazuri tu, upepo upo, lakini watu ni tisa na hakuna anayezijua habari za mwenzake. Mama yake yuko Kwao. Asubuhi humsikia akifagia nyuma ya mgongo wa kilima, na akienda kumtazama hukuta majani.

"Mama yako akija watampeleka Kwetu," alisema, "na mimi niko Kwenu. Hatutaonana."

Geuza alifunga kibanda kabla ya wakati ili ampeleke baba nyumbani akamwone mama angali hai. Walitembea mpaka kona ya duka la rangi, na pale baba hakuwapo. Geuza akarudi, akamkuta ameketi kwenye kigoda kile kile. Walijaribu mara tatu. Mara ya nne fundi viatu aliwashauri waache, maana jua lilikuwa kali.

Basi mama na baba wakawa wanaongea kupitia kwa Geuza, yeye akiwa barua na tarishi kwa pamoja. Mama aliuliza kwanza kama mumewe amekonda. Geuza akasema hapana, yuko vile vile alivyokuwa.

"Mwambie mimi siko vile vile," mama akasema, akageukia ukutani.

Kesho yake aliamka na amri. Baba apelekewe chupa ya chai, na aambiwe kola yake imegeuka, kwa kuwa siku zote hugeuka. Chupa ilirudi tupu, na kola kweli ilikuwa imegeuka. Kutwa nzima mama hakukohoa.

Geuza akamuuliza jina la kweli la kilima. Mama alifikiri sana, akasema halikuwapo.

"Nani hupaita kwao kwa jina? Jina la mahali ni la wapita njia. Sisi tulikuwa tunarudi nyumbani, basi."

Geuza aliketi na jambo hilo siku mbili. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, lakini hawakusema huko kwao kuandikwe vipi. Mwishowe akachukua kipande cha mpira kilicho bora kuliko vyote alivyokuwa navyo, akakata herufi tano: KWETU. Akajiwekea sharti la fundi, kwamba katika daftari lile, awe ni mama, awe ni mjomba, awe ni mtu ambaye yeye Geuza hakuwahi kumwona kwa macho, mahali ni hapo, na herufi ni hizo. Alizunguka kwa mashangazi na binamu kwa siku kumi na mbili akikusanya majina. Yalifika sitini na nane. Aligonga mhuri mara sitini na nane, kisha akapuliza ukurasa wa mwisho ukauke.

Alasiri ile baba aliipita kona ya duka la rangi kama mtu mwingine yeyote anayetoka kazini.

Alipoingia chumbani alimwona bibi mwenye nywele nyeupe ameegemea mito, na adabu ikamtangulia.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mume wangu," mama akajibu. "Umechelewa. Kaa."

Baba akaona haya, kisha akacheka, kisha akalia kidogo, na mama akamrekebisha kola. Tangu hapo alikuja kila siku saa kumi. Ijumaa bibi mzaa baba naye alipitia, akaripoti kwamba njia zote tatu zimekuwa moja na majirani wamerudi kugombania uzio, akaondoka mapema kwa sababu ngazi zilimchosha.

Kilichobaki kilikuwa kibali. Geuza alinakili fomu kwa uangalifu, Kwetu kila mstari, akaipeleka dirisha la tatu. Baada ya siku tisa akaitwa kuichukua. Baba alimsindikiza.

Fomu ilikuwa imegongwa mhuri mwekundu katikati: MAHALI HAPAJULIKANI.

Geuza aliutazama mhuri ule kwa muda. Mguu wa J ulikuwa mfupi. Miaka kumi na mmoja iliyopita wembe ulikuwa umemteleza kwa sababu ya piga nikupige ya watu barabarani, na kwa kuwa mteja aliutaka siku ile ile, akauachia hivyo hivyo. Alikuwa amejisemea kwamba mguu wa J hautamdhuru mtu.

Karani aliomba radhi kama aliyeugonga kwa mkono wake, na kweli aliugonga kwa mkono wake. Akafungua orodha ya makazi, kitabu kinene chenye gamba la kijani, akageuza kurasa mpaka akafika. Mahali huingia humo pakiwa na watu hamsini, alieleza. Mwaka wa kuhesabu watu, Kwetu walikuwa thelathini na wanane. Kwao ishirini na mmoja. Kwenu tisa. Hakuna palipofika hamsini, kwa hiyo kilima kiliandikwa hakikaliwi. Watu wakapewa wiki moja. Sasa kwenye ramani panaitwa Machimbo Namba Nne, na ni shimo.

"Tuliambiwa makaburi hayataguswa," Geuza akasema.

"Hakuna palipoandikwa kwamba yalikuwapo," karani akasema taratibu. "Mahali pasipokaliwa pana makaburi ya nani?"

Mawe yalipelekwa wapi, Geuza akauliza. Karani hakuhitaji kitabu kwa hilo. Yalijenga ofisi hii, hospitali, na barabara mpaka stendi.

Baba alikuwa ameinama chini ya dirisha akipapasa ukuta. Alisema jiwe hili lilikuwa la uani kwa mama yake, alikuwa akiketi juu yake kuchana nywele. Akasogea hatua mbili, akagonga kwa kidole.

"Na hapa nipo kidogo," akasema.

Karani alinyanyuka akachungulia. Palikuwa pamepakwa rangi ya maziwa, na mtu alikuwa ameegemeza baiskeli. Akamwomba mwenye baiskeli aisogeze, tafadhali, kisha akarudi kukaa. Alisema kama orodha ingekuwa yake angewaandika leo hii, lakini orodha ilikwisha kufungwa, na fomu ya kuifungua inadai jina la mahali lililomo ndani ya orodha.

Nyumbani Geuza hakujua aanzie wapi. Hakukuwa na haja. Baba alikuwa ametangulia na kumwambia mkewe, na wote wawili walikuwa wametulia, yeye kitandani, mumewe kwenye kiti cha plastiki.

"Mwili wangu uwekeni popote panapofaa," mama akasema. "Ila mwanangu, angalia wanavyoniandika. Ya mwisho ndiyo yanayofuatwa."

Alifariki Jumapili asubuhi, mkono wake ndani ya mkono wa baba. Saa hiyo hiyo baba akawa hayupo, na Geuza akaelewa kuwa amekwenda kungoja. Alilia mpaka shingo ikauma. Hofu yake ilikuwa moja: cheti cha kifo kina nafasi ya mahali pa asili, na huko kunakoitwa Hapajulikani hakuna aliyewahi kusema kuna nini.

Jumatatu saa tatu kasorobo alikuwa dirisha la tatu. Karani alimpa pole, akajaza jina, akajaza tarehe. Alipofika kwenye mahali pa asili kalamu yake ilisimama. Msimamizi wake alikuwa nyuma yake akinywa chai. Karani akachukua mhuri wa J fupi, akaugonga, akaweka sahihi. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini.

Geuza alifungua daftari juu ya kaunta kwenye mstari wa mama, akatoa mhuri wake mfukoni. Ulikuwa mkavu. Katika pilika za msiba alikuwa amesahau wino. Aliusugua kwenye kidole, akaulowesha kwa mate, akaubonyeza kwenye ukurasa, haukuacha kitu.

Karani, akiwa anaandika namba ya faili na bila kuinua macho, aliisukuma pedi yake ya wino mpaka ng'ambo ya dirisha.

Saa tatu na dakika ishirini na moja maandishi ya mwisho juu ya mama yake yalikuwa KWETU, kwa wino mwekundu wa ofisi.

Walimzika makaburi ya manispaa, safu ya kumi na moja, karibu na bomba. Jumanne saa kumi walikuja kibandani wote wawili. Mama alikuwa bado na miaka sabini na minne, ila pumzi ilikuwa imerudi, na baba alimbebea mkoba. Fundi viatu alimsifu mama kwa kuwa na mtoto mwenye adabu hivyo. Mama akasema asante.

Ofisi hunakili faili zake kila baada ya miezi kadhaa, na kila ikinakili huandika upya kwamba mahali hapajulikani. Siku hizo karani huanika sweta lake dirishani. Geuza akiliona anavuka barabara, anangoja mpaka wamalize, anagonga wa kwake. Hajachelewa hata mara moja, ingawa mwaka jana alivuka akiwa na homa.

Wiki iliyopita msimamizi alileta kazi kibandani. Mhuri mmoja umelika kwa matumizi, alisema, herufi zinasomeka nusunusu. Achongewe mwingine, maneno ni yale yale. Akaacha karatasi ya mfano na kuondoka. Geuza aliiweka gotini, akakaa bila kuugusa wembe. Wazee wake walikuwa wameketi kwenye kigoda, nusu kwa nusu. Mama aliisoma karatasi, kisha akamsogezea mwanawe kipande cha mpira.

"Chonga," alisema. "Kama ni kukataliwa, tukataliwe kwa herufi zinazosomeka. Na hiyo J uinyooshe."

Alichonga mpaka saa kumi na moja, na safari hii mguu wa J ulifika chini. Baba akaukagua, akasema ni kazi nzuri. Kisha wazee wakanyanyuka, wakashikana mikono, wakaenda kwao. Geuza akafungua daftari na kuandika kwamba wamerudi kwetu.