Goti la Nyatichi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi wasichana sita wa benchi walikuwa wamesimama kwa mguu mmoja nyuma ya jiko la shule, macho wamefumba, wakihesabu hadi thelathini. Watano waliyumba. Nyatichi hakuyumba.

Zoezi hilo lililetwa na Caren, mtaalamu wa viungo kutoka Homa Bay. Alikuja Migori siku moja akawaeleza kwamba magoti ya wasichana huchanika upesi kuliko ya wavulana, na kwamba dakika kumi na tano kila siku za kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua bila magoti kuingia ndani, zingewaepusha na mengi. Kocha wao, Mwalimu Nicodemus, alimshukuru sana, akamnunulia soda, kisha akaamua kwamba wachezaji wake kumi na mmoja hawana dakika kumi na tano za kupoteza. Zoezi likaachiwa benchi, maana benchi haina kazi.

Nyatichi alikuwa benchi kwa sababu moja tu. Mechi kubwa huangukia Jumamosi, na baba yake, Osoro, muuza ndizi katika soko la Migori, ni mzee wa kanisa la Wasabato. Lakini mwaka huu nusu fainali ya mkoa ingechezwa Homa Bay Jumamosi na fainali Jumapili, na Mwalimu alikuwa amemwahidi mbele ya timu nzima kwamba ataanza. Jezi namba saba alikwisha kuifua mara mbili, na hata haikuwa imechafuka.

Jumatano goti la Mellen Wangwe, mshambuliaji, likapasuka mazoezini. Hakuguswa na mtu, alitua vibaya tu. Matroni alilitoa kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi na mpini wa kijiko, kama alivyoyatoa mengine manne mwaka huo, akaliweka ndooni.

Mwalimu Nicodemus alipita benchi akibonyeza magoti moja moja, vile watu hubonyeza parachichi sokoni. Akafika kwa Nyatichi, akasimama.

"Hii iko sawa kabisa. Ulikuwa unafanya ile mazoezi ya Caren?"

"Kila siku, Mwalimu."

"Vizuri. Jumamosi wewe si uko kanisa? Huko ni kukaa tu. Jioni utarudishiwa, Jumapili unacheza."

Ilihitajika sahihi ya mzazi, kwa kuwa shule hiyo haikuwa ya wahuni. Alhamisi Mwalimu akamfuata Osoro sokoni. Osoro alimsikiliza huku akipanga ndizi zake, na alikuwa na swali moja.

"Hiyo goti ya mtoto wangu itacheza siku ya Sabato?"

"Itacheza kwa mguu ya Mellen, mzee. Mellen ni Mkatoliki."

Osoro akaomba muda. Wazee wa kanisa walikaa jioni hiyo, wakafungua Biblia zao, wakakubaliana kwamba goti likiwa kwenye mguu wa mtu hushika siku ya mwenye mguu. Osoro akatia sahihi. Aliongeza sharti moja, kwamba goti lisibebwe kurudi kabla jua halijatua, kwa sababu kubeba mzigo ni kazi. Kama linauma kutolewa, hakuuliza.

Lilikuwa linauma. Nyatichi alilia mpaka sauti ikakauka, na matroni akamwambia anyamaze, wenzake wanasoma. Goti likafungwa kwa kitambaa safi, likasafiri hadi Homa Bay ndani ya hotpoti ya chapati ili lisipate baridi.

Jumamosi Nyatichi alikaa katika kanisa moja hapo Homa Bay, mguu umefungwa kwa leso na kulazwa juu ya kiti. Uwanjani, dakika ya sitini na nane, Mellen aliruka, akafunga kwa kichwa, akashuka. Goti lilijua kutua. Nyonga ya Mellen haikujua, wala kifundo chake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuvipa dakika kumi na tano. Goti likaingia ndani. Katikati ya wimbo Nyatichi aliusikia mchaniko pale palipokuwa patupu mguuni mwake, akafunga kitabu cha nyimbo.

Jua lilipotua matroni alikuja na hotpoti, kama mzee alivyoagiza. Alilirudisha goti likiwa limechanika.

"Ni yako," alisema. "Nani mwingine ataichukua hivi?"

Jumapili Mellen alicheza kwa goti la msichana mwingine wa benchi, na shule ikatwaa kombe. Nyatichi aliitazama fainali akiwa kwenye kiti cha plastiki, ameshikilia koti la Mwalimu. Alilichukia lile kombe kwa moyo wake wote, na walipompa alishike apigwe picha, akalishika.

Muhula uliofuata mwalimu mkuu alilisifu zoezi la Caren mbele ya shule nzima, akasema limeiokoa timu. Likawa la lazima kwa benchi. Kumi na mmoja wa kwanza walisamehewa. Benchi ikaongezwa hadi wasichana ishirini, wengi wa Kidato cha Kwanza, na Nyatichi, kwa kuwa hakuna aliyelijua zoezi kumshinda, akapewa kazi ya kuhesabu akiwa ameketi.

Mstari wa mbele alikuwapo mdogo wake, Nyanchama, aliyejifunza nyumbani kwa kumwiga, akisimama juu ya beseni lililopinduliwa. Mwalimu Nicodemus alipotokea upande wa jikoni, mikono nyuma, Nyatichi aliinama.

"Yumba," alimnong'oneza. "Yumba, uanguke."

Nyanchama alidhani dada yake anamjaribu. Akafumba macho, akakaza nyonga kama alivyofundishwa, akatulia. Thelathini ikapita. Arobaini ikapita. Mwalimu akachuchumaa mbele yake, akalibonyeza goti, kwanza kwa kidole gumba, kisha kwa mkono mzima.

"Huyu amefundishwa na nani?"

"Ni dada, Mwalimu," alisema Nyanchama akitabasamu, macho bado amefumba.

Mwalimu akamgeukia Nyatichi, akamwambia asinyamaze, aendelee. Nyatichi akaendelea kuhesabu.