Mtoto Nyuma ya Mlango

…kulia kidogo, inasema geuka kulia kidogo, haya nimegeuka, sasa inasema kushoto, simu gani hii inayomzungusha mtu mzima kama kuku anayetafuta pa kutagia… mkono nimeunyoosha juu mpaka bega limeingia ganzi, na juu ya huo mkono hakuna anga, kuna majani, na juu ya majani kuna jabali upande huu na jabali upande ule, na katikati yake ndiyo kuna kipande cha mbingu chembamba kama mkanda wa suruali, humo ndimo setilaiti inatakiwa ipite, ipite na ituone, mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyelala pale chini ya mwamba na mguu umepinda mahali ambapo mguu hauna kiungo… “Shemeji,” ananiita, “wamejibu?” na mdomo wangu huu, ambao haujakosa jibu tangu ulipoota meno, unasema, “Wako njiani, wewe tulia,” wakati kwenye kioo imeandikwa hakuna setilaiti kwa sasa, nenda mahali penye anga wazi, anga wazi, anga wazi, wimbo ni huohuo, kama ningekuwa penye anga wazi ningekuhitaji wewe wa nini… na nani alituleta humu korongoni, si mimi, tulitumwa kukata matawi kwenye njia kubwa kabla wageni hawajaanza kuja, njia kubwa ile inayopita juu mgongoni mwa mlima, upepo na jua muda wote, na mimi nikasema shemeji tupite mkato, ule mkato nilioufungua mwenyewe kwa panga, hivyo ndivyo ninavyowaambia wageni, ingawa aliyeufungua ni nyati na mimi nilimfuata nyuma siku ambayo nilikuwa nimepotea… akakanyaga jiwe lenye ukoga, nikasikia kah, kama mtu anavunja kuni ya jikoni, nikadhani ni tawi, nikacheka, Mungu nisamehe, nilianza kwa kucheka… na neno lake la kwanza, baada ya kumlilia mama yake, lilikuwa, “Bonyeza Mtoto, shemeji, bonyeza Mtoto,” na mimi nikageuka nikampa mgongo, nikainama kifuani kwangu pasipo na kitu, nikasema nimeshabonyeza… nimeshabonyeza, nilisema hivyo, kwa sauti yangu nzuri kabisa ya kuwatuliza wageni… Mtoto ni kile kidude cha kampuni yetu ya utalii, cha rangi ya chungwa, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia, kina kipembe kimoja cha kunasia mawimbi, unakivaa kifuani kwa mikanda, na ubavuni kina kifuniko, unafunua, unabonyeza, unaendelea na shughuli zako, hakikuambii kulia wala kushoto, chenyewe kinaita mbinguni, kisiposikika kinaita tena, kikilowa kinaita, kikianguka kinaita, hata aliyekivaa akizimia chenyewe kinaita, kama mtoto kweli… na ndiyo sababu sisi wakongwe hatukivai, maana kwetu anayekivaa huitwa yaya, akipita ofisini ataulizwa yaya mtoto amelala, yaya mtoto amekula, yaya mbona leo humbembelezi, kwa hiyo tunamsukumia mgeni wa kazi, yeye ndiye abebe, sisi wenye majina tunatembea vifua wazi, tukidondoka tutadondoka kiume… “Wamesema watafika muda gani?” “Si muda mrefu,” nasema, “wanasema tusiondoke hapa,” hee, hata hilo nimeongeza, nani alikuomba uongeze, mdomo wewe, ukipewa shimo la kuchimba hupumziki… geuka kulia, nimegeuka, endelea kuelekeza, naelekeza, mara kinyota kimetokea kwenye kioo, kimetokea, nimebana pumzi, inatuma, inatuma… kimepotea nyuma ya jabali… dereva wetu alisema, yule dereva wa gari la wageni, mtu wa kupinga kila kitu, ukimwambia kumekucha atatoka nje kuhakikisha, alisema pale kibandani kwa muuza chai, “Simu ni simu, ikidondoka inapasuka, ikipigwa na baridi chaji inakimbia, na wewe chaji yako yote inaishia kwenye kutazama mieleka,” watu wakacheka, na mimi siwezi kuachwa na kicheko kikiwa upande wa pili, nikasema wewe bado uko zama za kupigiana ngoma, simu hii inaongea na setilaiti uso kwa uso, Mtoto wa kazi gani tena, twendeni uwanjani mkaone… uwanja wa mpira, hapo ndipo nilipoijaribu, simama uone akili ya mtu mzima, katikati ya uwanja, hakuna mti, hakuna ukuta, hata magoli yamekatika mwamba wa juu, nikaingia sehemu yake ya majaribio, nikainyanyua, ikaishika setilaiti kabla dereva hajamaliza kukohoa, wote wakapiga makofi, muuza chai akaniletea kikombe bila kuombwa, na dereva akauliza kwa sauti ya chini, “Na kule msituni?” nikamjibu, “Msituni setilaiti zinanijua kwa jina,” wee, kilipigwa kicheko pale, nilikwenda nacho nyumbani, nikala nacho, nikalala nacho… zinanijua kwa jina, haya, mbona haziniiti… “Shemeji, naomba maji,” nampelekea chupa, mkono mmoja bado uko juu na simu, nainama kama mcheza ngoma, anakunywa, anakunywa tena, anajimwagia usoni na kifuani, nasema taratibu basi, anasema, “Ya nini kuyabania, si wanakuja nayo?” na anacheka kidogo, meno yanagongana, “tena nikifika hospitali nitasema ulinibeba mgongoni, nikupe sifa, wewe na sifa si ni pete na kidole,” na mimi nacheka, nacheka nini, maji yale nimeyaona yanashuka kwenye kola ya shati lake yakiingia ardhini na sikusema kitu, mtu anaoga maji yetu ya mwisho kwa sababu ya neno langu moja… bora niandike vizuri, ikipata nafasi iende mara moja, simu iliuliza nani anahitaji msaada, nikajibu, ikauliza ni jeraha au ugonjwa, nikajibu, kisha ikasema eleza kwa ufupi, hapo ndipo tulipokosana, mimi na kwa ufupi hatujawahi kuonana, niliandika mimi mwongozaji mzoefu wa mlima huu nikiwa katika ukaguzi maalumu nimekumbwa na maporomoko ya mawe na mwenzangu… maporomoko gani, jiwe lenyewe halikusogea, lipo pale limekaa limeniangalia… nafuta, nafuta mzoefu, nafuta maalumu, nafuta maporomoko, kumbe ukitoa uongo inabaki kidogo hivi, watu wawili, mguu umevunjika, korongo la mashariki chini ya njia kubwa, basi, mbona ni fupi kiasi cha kutia aibu, maisha yangu yote ningeyatuma kwa ujumbe mmoja… na asubuhi ilikuwa rahisi sana kubeba kile kidude, hilo ndilo linalonila, kingekuwa kizito ningepata pa kujificha, ni chepesi kama andazi… Mama Funguo, huyo ndiye mtunza stoo wetu, tunamwita hivyo kwa lile tita la funguo kiunoni, unamsikia kabla hujamwona, alinikabidhi Mtoto mkononi akasema, “Baba, washa nione,” nikawasha, taa ya kijani ikapepesa, akaridhika, akageuka kuchukua kamba kwenye rafu ya juu, na hapo dirishani nikamwona dereva anaegesha gari, dereva yuleyule, wiki ileile ya uwanjani, nitoke mbele yake nimembeba mtoto kifuani, mimi niliyejulikana na setilaiti kwa jina… nikamtundika Mtoto kwenye msumari nyuma ya mlango, nikamfunika na koti langu kuukuu la mvua, Mama Funguo akageuka, nikapokea kamba, nikatoka, shemeji alikuwa nje akijua Mtoto ninaye, na kutwa alinifuata nyuma akiona mgongo tu, nikampungia dereva mkono, na yeye alinipungia tu, wala hakutazama kifua changu, alikuwa anatafuta kitambaa cha kufutia kioo… hakutazama hata, nimemvunja mtu mguu kwa ajili ya jicho ambalo halikutazama… hapana, mguu umevunjwa na jiwe, tusijibambikie, mguu ni jiwe, lakini haya mengine, haya ya kukaa hapa, haya ya maji, haya ni yangu hata nikiapa… “Shemeji,” “Naam,” “nipigie ile hadithi ya chui, tusubiri nayo,” ile ya chui, anaijua kuliko mimi, amenisikia nikiwapigia wageni akiwa amekaa kando ya sufuria zake, yeye ndiye mpishi wetu, anamenya viazi, huyo chui alianza akiwa paka pori nyuma ya kibanda, mwaka uliofuata akawa chui mdogo, sasa hivi amefika ukubwa wa ndama na nilimtazama machoni mpaka akaona haya… “Baadaye,” nasema, “naelekeza hii,” “Unaelekeza nini tena na Mtoto keshaita?” anauliza, “Naongezea tu,” nasema, “kwa simu, wapate na picha,” picha, uongo una watoto huu, na kila mmoja anataka kunyonya… anakohoa, anasema polepole kama mtu anayehesabu baraka zake, “Hata wasipopata picha hakuna neno, Mama Funguo si anaiona ile nukta ya Mtoto kwenye kompyuta yake, inayoonyesha tulipo, sasa hivi keshaona tumesimama mahali pamoja kama mawe, atajua tu,” na mimi nasema, “Atajua”… nukta… Mama Funguo haitazami nukta mchana, mchana ana stoo yake na kelele za watu, huitazama jioni, mara moja, akiwa ameshika pochi yake tayari, anaangalia kama nukta imerudi ofisini, ikiwa imerudi anasema wanaume wamerudi salama, anafunga mlango, anakwenda zake… na nukta ipo ofisini… nilimwasha Mtoto mbele yake, sikumzima, yupo pale msumarini chini ya koti langu anapepesa taa ya kijani, anaiambia mbingu nzima, kwa uaminifu wake wote, kwamba mimi nipo ofisini salama salimini… yaani nimemfundisha hata Mtoto kusema uongo… na nilikuwa nimejiwekea faraja kichwani, nilikuwa nayo muda wote huu bila kujiambia, kwamba tukichelewa watatutafuta, dereva atanung’unika lakini ataleta gari, watakuja na tochi na machela, lakini nani atatutafuta, tumeshafika, Mama Funguo ataona tumeshafika… na mke wangu, mke wangu nikichelewa hushtuka, hapana, alishtuka zamani, siku hizi anajua nimekaa mahali nimezungukwa na watu nasimulia, ananifunikia chakula changu na sahani, analala, na mke wa shemeji akiuliza ataambiwa wasiwasi wa nini, yuko na mimi… yuko na mimi… njia ya mwongo fupi, tulifundishwa darasani kabla sijaacha shule, nikadhani ni maneno ya kufundishia mwandiko… kioo kinasema hakuna setilaiti kwa sasa, nenda mahali penye anga wazi, na chaji imekuwa nyekundu, nilikuwa naituhumu simu kumbe maskini imekuwa ikisema kweli tangu mwanzo, haikujisifu hata mara moja, aliyejisifu ni mimi kwa niaba yake, yenyewe ilisema tangu nilipoinua mkono, nenda, siyo hapa, nenda… na anga wazi lipo, naliona, pale juu, mgongo wa mlima, penye majani mafupi yaliyopigwa na jua la mwisho, panang’aa kama uwanja wa mpira, mtu akitoka sasa hivi akapanda kwa mikono na miguu atafika mwanga ukiwepo, ataishika setilaiti kabla simu haijazima, labda, na asipotoka sasa hivi hatatoka tena… lakini wa kutoka ni mmoja, na wa kubaki ni huyu, peke yake, na chupa iliyobaki maji kiduchu, na ataniuliza unakwenda wapi wakati wanakuja, umesema wanasema tusiondoke… naweza kumwambia nakwenda kuwapokea, hee, hilo ni zuri, nakwenda kuwapokea wasipotee njia, lingepita, ningelisema vizuri, nalisikia limeshakaa ulimini limevaa na viatu… na yeye angebaki hapa anawasubiri watu ambao hawapo, hafungi koti, habanii tone la maji lililobaki, hapigi kelele, hata giza likiingia angekuwa anatabasamu anasikiliza nyayo… “Shemeji,” anasema, amefumba macho, “mbona kimya, mimi nakuogopa ukinyamaza, haya ya chui basi, anzia pale alipokutazama,” naushusha mkono, damu inarudi kwenye vidole kama sisimizi, kioo bado kinasema neno lake lilelile, jiwe bado linaniangalia, nachuchumaa karibu naye, namfunga zipu ya koti mpaka kidevuni, naichukua chupa mkononi mwake naifunga kizibo, anafumbua jicho moja, anatazama kifua changu, anakitazama, huyu ametazama, na mimi sijafunika kwa mkono… “Siyo ya chui,” nasema, “nisikilize, shemeji, hii ni fupi.”